Pistoni mpya imejam ndani ya wiki mbili: kabla hujachonga bloku, tafuta hewa inaingilia wapi

"Shikamoo fundi. Mimi nipo Moshi, nina Yamaha YZ125 ya mkononi nimeinunua Arusha mwaka jana kwa jamaa aliyekuwa anahama. Kule Arusha ilikuwa inaenda vizuri sana, jamaa alisema fundi wake alishaiseti jeti za kabureta. Kuja nayo huku nimeitembeza kama mwezi hivi, siku moja nipo kwenye zile njia ndefu za mashamba ya miwa kule chini nimevuta mafuta mwisho ikashika ghafla, tairi la nyuma likagoma. Fundi akafungua akaweka pistoni na ringi mpya, silinda akapiga msasa. Wiki mbili tu imejam tena. Siku kama tatu kabla haijafa sailensa (ile resi ya injini ukiwa hujavuta mafuta) ilikuwa inapanda yenyewe na nikifunga mafuta resi inachelewa kushuka. Sasa fundi anasema bloku (silinda) limekwisha twende tukachonge tuweke ovasaizi, yaani pistoni kubwa zaidi, mwingine anasema shida ni oili nichanganye nyingi zaidi, mwingine ananiambia niuze spea tu. Mimi nachanganya 40 kwa 1, yaani petroli 40 kwa oili 1. Spana ninazo na sevisi huwa nafanya mwenyewe. Je naweza kuisuka mwenyewe nyumbani? Nianzie wapi, maana hela ya pistoni ya tatu halafu ife tena sina."

Marahaba mdogo wangu. Pole sana, kwanza kwa kuanguka kama ulianguka maana tairi la nyuma likigoma ukiwa spidi sio mchezo, halafu pole ya hela. Nimesoma swali lako mara mbili na nashukuru umeandika kile kitu cha sailensa kupanda yenyewe, watu wengi hicho huwa wanakiruka wanaona kidogo. Kwangu mimi hicho ndio kimebeba kesi nzima. Injini yako ilikuambia siku tatu kabla kwamba inavuta hewa mahali isipotakiwa, na kama hiyo hewa haijazibwa hata ukiweka pistoni ya dhahabu itakufa vilevile.

Ngoja nieleze inavyofanya kazi, usiniruke hapa hata kama una haraka. Fostroki kama boksa za bodaboda, pale chini kwenye krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, pana oili imekaa inazunguka, mambo ya hewa na petroli yanaishia juu kwenye valvu. Tustroki kama YZ yako hiyo hesabu haina. Tustroki inapumua kwa tumbo. Pistoni ikipanda inavuta mchanganyiko wa hewa, petroli na oili kutoka kwenye kabureta, unapita kwenye zile ridi, yale majani membamba, unaingia kwenye chumba cha krenki. Pistoni ikishuka inaubana ule mchanganyiko, unapanda kwa njia za pembeni za silinda kwenda juu kuungua. Kwa hiyo chumba cha krenki ni pampu, na pampu lazima izibe pande zote. Pande mbili za krenki kuna sili za mpira, moja upande wa kushoto kwenye sumaku inayotoa umeme, nyingine upande wa kulia kwenye klachi. Hapo katikati kuna gasketi ya bloku, gasketi ya ridi na ule mpira unaoshika kabureta. Popote hapo pakitoboka, hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta, yaani ni hewa kavu haina petroli na haina oili.

Hapo unapata matatizo mawili kwa mpigo. Petroli ikipungua kwenye hewa moto unakuwa mkali zaidi, na kumbuka petroli yenyewe ndio inayopoza pistoni kwa ndani, sasa imepungua. Oili nayo imepungua kwa sababu kwenye tustroki yako oili haina njia nyingine ya kufika kwenye pistoni, inasafiri ndani ya petroli tu. Pistoni ni aluminiamu, inapanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kawaida. Inavimba, ule upenyo mdogo wa kama milimita 0.04 hadi 0.05 kati yake na ukuta unaisha, inasugua kavu, aluminiamu inayeyuka kidogo inanata ukutani. Ndio kushika kwenyewe huko.

Na kwa nini sailensa ilipanda? Kwa sababu ile hewa ya kuiba inaingia hata ukifunga mafuta. Umefunga kabureta lakini injini bado ina mlango mwingine wa kupumulia, mchanganyiko ni mwepesi, resi inaning'inia juu haitaki kushuka. Ukiona hiyo dalili kwenye tustroki yoyote zima hapohapo sukuma mpaka nyumbani, usijiambie nitaangalia jumapili.

Sasa habari ya Arusha na Moshi, maana nayo imo. Arusha mjini tupo kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Moshi mjini ni mia nane na kitu, na huko chini kwenye miwa unashuka tena. Juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo fundi mzuri wa Arusha anapunguza jeti kubwa, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli ukivuta mwisho, ili petroli ilingane na hewa. Ukishuka nayo Moshi hewa inakuwa nzito zaidi kama asilimia 5 au 6 hivi, lakini jeti imebaki ileile ndogo, unakuwa na hewa nyingi petroli chache. Joto la Moshi linarudisha kidogo kwa sababu hewa ya moto nayo ni nyepesi, hata hivyo halirudishi yote. Halafu wewe ukaenda kuivuta mwisho kwenye tambarare ndefu, ambapo jeti kubwa ndio inafanya kazi peke yake dakika nzima bila kupumzika. Kwa kila siku ya kupanda vilima na kufunga mafuta ingekusamehe, kwenye ile njia ya miwa haikusamehe. Mimi naamini ile mara ya kwanza jeti ilisukuma, na sili ikamalizia. Mara ya pili ni sili au mpira wa kabureta moja kwa moja.

Fundi wako simlaumu sana na nakuomba na wewe usimlaumu. Wengi tumejifunzia kwenye Yamaha DT na zile Yamaha AG za miradi walizokuwa wanapewa mabwana shamba, injini ngumu mno, bloku lina slivu ya chuma ndani, yaani bomba la chuma ambamo pistoni inatembea, ikishika unachonga, unaweka pistoni kubwa zaidi, maisha yanaendelea. Mazoea hayo kwenye DT ni sahihi kabisa. Tatizo YZ sio DT.

Bloku la YZ yako halina slivu. Ni aluminiamu tupu, ukutani limepakwa ngozi nyembamba ya nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi, kitu kinaitwa Nikasil, Wajerumani wa Mahle ndio walikuja nacho mwaka 1967. Ni ngumu sana, inapitisha joto vizuri, lakini unene wake haufiki hata nusu ya unene wa kadi ya simu, tunaongelea sehemu ndogo ya milimita. Ukipeleka kwenye mashine ya kuchongea ukachonga hata robo milimita umeitoa yote, unabaki na aluminiamu uchi, halafu unaweka pistoni ya aluminiamu isuguane na aluminiamu mwenzake. Hiyo haimalizi hata tanki moja. Kwa hiyo kuchonga ovasaizi kwenye hilo bloku HAPANA, labda kama mtu aliyekutangulia alishaweka slivu ya chuma, na hilo unalijua kwa sumaku ndogo tu ya spika: kwenye chuma inang'ang'ania kwa nguvu, kwenye Nikasil inashika kidogo sana au haishiki. Pia ukiangalia mdomo wa bloku kwa juu, slivu utaiona kama pete ya rangi tofauti.

Na la oili. Anayekuambia uongeze oili anakutakia mema lakini hesabu yake imegeuka. Jeti inapitisha kiasi kilekile cha kimiminika. Kwenye lita 5 ukichanganya 40 kwa 1 unaweka mililita 125, ukienda 20 kwa 1 unaweka 250, maana yake sehemu ya petroli imechukuliwa na oili, na petroli ndio inayoamua mchanganyiko. Unaongeza oili unajikuta umeifanya injini iwe na petroli pungufu zaidi kuliko mwanzo. Kwa matumizi yako ya kuvuta sana mimi ningekwenda 32 kwa 1, yaani 156 kwa lita 5, oili nzuri ya 2T yenye maandishi ya JASO FC au FD kwenye chupa, na nikishabadilisha uwiano naangalia jeti upya. Usiweke oili ya gari namba 40, na ile ya TC-W3 ya boti za wavuvi nayo iache, imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji ya ziwa, hazipati joto kama lako. Pima kwa sirinji au kikombe chenye mistari, vifuniko vya chupa vinadanganya.

Sasa kazi. Kabla hujafungua bloku nataka upime hewa, na hiki ndicho kipimo ambacho kingeokoa pistoni yako ya pili. Osha pikipiki kwanza na sabuni iwe safi kabisa, vumbi la huku kwetu ni laini kama unga na likidondokea kwenye krenki umejiongezea kazi. Toa ekzosi, toa kabureta, toa sumaku kwa pula yake (usiipige nyundo, krenki inapinda). Plagi iache imefungwa. Zungusha pistoni ikae chini kabisa ili njia zote ziwe wazi. Tundu la ekzosi liziba kwa kipande cha tyubu la tairi na bati, ukibana vizuri. Kwenye mpira wa kabureta weka kizibo cha mbao au cha mpira chenye bomba jembamba katikati, kaza klipu.

Kupima presha huhitaji mashine ya maelfu. Chukua kile kipimo cha presha cha mkono cha hospitali, chenye puto la kubinya na saa yake, wanauza maduka ya dawa. Saa yake inaishia 300, na hiyo 300 ndio karibu psi 6, kiasi kilekile mafundi wa mashindano wanachotumia. Unganisha kwenye lile bomba, binya taratibu mpaka ifike karibu na 300, usiizidishe maana sili zinaweza kutoka. Halafu tulia uangalie mshale. Kwa injini isiyovuja mshale unakaa palepale. Ikishuka zaidi ya 50 ndani ya dakika moja unavuja, na sasa unatafuta wapi.

Chukua maji ya sabuni na brashi ya kupakia rangi. Pakaa kwenye mpira wa kabureta, hasa kwenye ule mkunjo wake kwa chini ambapo jicho halifiki, ukunje kidogo kwa kidole uone kama umepasuka. Pakaa gasketi ya bloku, pakaa kuzunguka ridi, pakaa sili ya kushoto pale ulipotoa sumaku. Povu likianza kukua taratibu kama kipepeo anayefungua mbawa basi umempata mwizi. Ya kulia huioni kwa sababu ipo ndani ya klachi, kwa hiyo unaipima hivi: funga vizuri kifuniko cha oili ya giaboksi, ule mpira mwembamba wa kupumulia wa giaboksi uchovye kwenye glasi ya maji, binya presha. Mapovu yakitoka kwenye glasi, hewa inapita kwenye sili ya kulia kuingia giaboksi. Sili ya kulia ikifa huwa inatoa dalili nyingine, injini inanyonya oili ya giaboksi inaiunguza, moshi unakuwa mzito na oili inapungua wakati hakuna tone lililodondoka chini. Wewe hujasema habari ya moshi kwa hiyo nahisi kushoto au mpira, lakini pima, usichukue neno langu.

Ukishajua, ndio ufungue. Zile pistoni mbili zote ziweke mezani juu ya gazeti uzisome, natumaini ya kwanza hukuitupa. Mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi peke yake maana yake mchanganyiko mkavu au oili pungufu, ndicho ninachotegemea utakiona. Mikwaruzo minne kwenye pembe nne, kama imeshikwa na vidole vinne, hiyo ni injini iliyovutwa kabla haijapata moto, au pistoni imebana kuliko kawaida. Upande wa kuingilia hewa ukiwa umefifia rangi ya kijivu kama umepigwa msasa laini, hilo ni vumbi, geuka uangalie eakilina. Na ukingo wa juu ukiwa umemomonyoka vijishimo kama umetafunwa na panya, hapo ni petroli mbovu au taiming ya cheche, na hiyo ni kesi nyingine.

Hapohapo pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira wa kabureta upande wa eakilina. Kikitoka na rangi ya udongo sponji yako haikamati. Sponji lazima ioshwe, ikauke, ipakwe oili yake na ikaminywe mpaka rangi iwe sawa kote, na grisi kidogo kwenye mdomo wake pale inapokaa. Sponji kavu inapitisha vumbi kama chandarua kinavyopitisha maji.

Bloku. Ukilitazama utaona michirizi ya rangi ya fedha, na watu wakiiona wanasema limekwisha. Subiri. Mara nyingi ile ni aluminiamu ya pistoni iliyonata juu ya Nikasil, ngozi yenyewe chini ni nzima. Fundi wako alipiga msasa, msasa hauitoi yote. Tumia kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Fanyia nje penye hewa, mbali na jiko na sigara kwa sababu inatoa gesi inayowaka, vaa glovu na miwani, mtoto asiwepo karibu. Mimina soda kwenye maji kidogo kidogo, usimimine maji kwenye soda. Chovya kijiti cha pamba cha masikioni, pakaa kwenye mchirizi tu. Itachemka itatoa povu jeusi jeusi, futa, rudia, na pale itakapoacha kuchemka aluminiamu imeisha na umefika kwenye nikeli. Usiiguse kwenye midomo ya matundu ya silinda wala kwenye uso wa gasketi kwa sababu pale ni aluminiamu uchi na itailia bloku lenyewe. Suuza kwa maji mengi sana.

Kisha pitisha ukucha ukutani, juu kwenda chini na kwa kuzunguka. Ukucha usipokwama popote na hakuna sehemu iliyomenyeka, bloku lako ni zima, kasugue kwa dodoki la kijani la vyombo na maji ya moto ya sabuni kwa mikono ya kukatana hivi na hivi, kausha, futa na kitambaa cheupe chenye oili ya 2T mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Halafu lipimwe kwa geji ya ndani, kipimo asilia ni milimita 54, usitegemee venia kwa kazi hii. Pistoni mpya za aina hii zinauzwa kwa herufi A, B, C zinazotofautiana kama milimita 0.01 kila moja, unachagua inayolingana na bloku lako baada ya kulipima. Kununua pistoni kabla ya kupima bloku ni kubahatisha.

Ukucha ukikwama, au ukaona sehemu imemenyeka unaona rangi mbili, basi una njia tatu na zote zina maumivu. Bloku la mtumba zima, ambalo inabidi ulipime nalo kwa ukucha kabla hujatoa hela. Kulipeleka nje ya nchi likapakwe upya, ambayo kwa ubora ndio inashinda zote lakini inachukua muda na usafiri ni ghali. Au slivu ya chuma hapa hapa. Slivu inawezekana, nimeziona zinaenda miaka, ila inapitisha joto vibaya zaidi, pistoni inahitaji upenyo mkubwa zaidi, na YZ yako ina pawa valvu, ile valvu inayobadilisha ukubwa wa tundu la ekzosi, kwa hiyo mchongaji asipokata nafasi yake vizuri valvu inagonga pistoni. Mimi binafsi ningetafuta bloku la mtumba kwanza. Slivu ningeifanya kama mchongaji ameshafanya bloku lenye pawa valvu na anaweza kunionyesha moja inayotembea.

Sasa unauliza kama unaweza kuisuka mwenyewe. Juu, ndiyo, unaweza. Pistoni, ringi, gasketi, ridi, mpira wa kabureta, hata sili ya kushoto kwenye injini nyingi inatoka na kuingia kwa nje bila kupasua injini, unaitoa polepole bila kukwaruza krenki, mpya unaipaka grisi mdomoni unaisukuma sawasawa. Lakini kuna swali la chini. Injini imeshika mara mbili, vipande vya aluminiamu vimedondokea kwenye krenki, na fundi hajasema kama aliosha. Shika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, pistoni ikiwa imetoka, krenki iwe juu, ivute juu na kuisukuma chini moja kwa moja. Kutikisika pembeni ni kawaida, kucheza juu chini hata kidogo tu, hata ule mlio wa "tk", beringi ya chini imekwenda. Zungusha krenki taratibu sikio likiwa karibu. Ikiwa laini kama siagi mwagia petroli yenye oili, zungusha, mwaga, rudia mara tatu nne mpaka itoke safi. Ikiwa inakwaruza kama ina mchanga, injini lazima ipasuliwe.

Na hapo ndipo nakuomba usiendelee peke yako. Krenki ya tustroki imeundwa kwa kubanwa na presi, konrodi mpya inataka krenki itenganishwe na irudishwe ikiwa imenyooka, mzunguko usiyumbe zaidi ya 0.03 hadi 0.05 mm kutegemea kitabu. Hiyo huifanyi kwa nyundo na jicho. Moshi kuna wachongaji wazuri, Arusha ukienda Unga Limited wapo pia, na swali la kumuuliza ni moja tu: nionyeshe geji unayopimia krenki ikizunguka. Akikuonyesha mwachie kazi. Akikuambia atainyoosha kwa uzoefu, mshukuru uondoke nayo. Na mtu yeyote akichukua bisibisi kutenganisha pande mbili za injini msimamishe, ule uso ukikwaruzika umetengeneza mlango mpya wa hewa, tumerudi tulipoanza. Akifika huko abadilishe sili zote mbili na beringi zote mbili za krenki, hata zikionekana nzima.

Kwenye kurudishia nitakuambia yale yanayoua tu. Klipu za pini ya pistoni ni mpya kila mara, na mdomo wake uangalie juu au chini, usiangalie pembeni. Nilishawahi kurudishia klipu ya zamani kwa sababu duka lilikuwa limefungwa na mteja alikuwa na haraka, ilitoka ikachana bloku kutoka juu mpaka chini, nikalipa bloku la watu. Weka kitambaa kwenye tundu la krenki unapoweka klipu maana zinaruka. Mshale wa pistoni unaelekea ekzosi. Ncha za ringi zikae kwenye kipini chake kwenye mfereji, na unaposhusha bloku lishuke moja kwa moja, ukilizungusha kidogo tu ncha inaingia kwenye tundu la pembeni na inavunjika. Gasketi kavu na safi, silikoni usiijaze. Nati za kichwa kaza kwa toki renchi kwa kukatana, hatua kwa hatua, kwa namba za kitabu cha YZ ya mwaka wako. Rejeta jaza kulanti, ile dawa ya kupozea injini, sio maji ya bomba, na utoe hewa.

Ukimaliza kufunga, KABLA hujaweka kabureta, rudia kile kipimo cha hewa. Dakika kumi tu. Mshale ukikaa unalala usingizi.

Jeti kubwa anza na ile ya kitabu kwa usawa wa chini, au panda hatua mbili tatu juu ya ile uliyokuta, injini iwe na petroli nyingi kidogo, itakuwa nzito kidogo ukivuta mwisho na hilo ndilo tunalolitaka mwanzoni. Plagi mpya. Ikishazoea, kwa namna nitakayoeleza hapo chini, ivute mwisho kwenye njia ndefu, zima kwa klachi hapohapo, toa plagi uione: rangi ya maziwa ya chai ni nzuri, nyeupe ni hatari, nyeusi yenye maji maji shusha jeti hatua moja. Andika namba ya jeti kwenye kipande cha teipu ubandike chini ya siti, na ukipanda nayo Arusha au huko Monduli unaweza kushuka hatua, ukirudi Moshi unarudisha.

Zile kilomita 500 ambazo watu wanasema uendeshe injini mpya kama mgonjwa hazihusu injini hii. Iwashe, ipate moto mpaka rejeta iwe ya moto kwa mkono, zima ipoe kabisa, fanya hivyo mara tatu, kisha itembeze kama saa moja mpaka mbili unabadilisha badilisha resi, bila kuivuta mwisho muda mrefu na bila kuikokotesha kwenye gia kubwa. Ikipoa kagua nati za kichwa. Baada ya hapo ni pikipiki.

Kuuza spea ningekuwa wa mwisho kuamua, na ningeamua kama bloku limemenyeka na krenki imekwenda vyote kwa pamoja, hapo gharama inaweza kukaribia kununua nyingine na ni haki yako kuacha. Kimoja kati ya hivyo bado inalipa.

Kitu kimoja zaidi kwa sababu upo Moshi. Ukipanda nayo Kibosho au Marangu, wakati wa kushuka watu wanafunga mafuta wanaiacha gia imshikilie mpaka chini. Kwenye tustroki umefunga petroli umefunga na oili, halafu injini inazunguka kasi kilomita nzima ikiwa kavu. Kila baada ya sekunde chache shika klachi, piga resi fupi ipate kumeza oili, kisha endelea kushuka na breki.